Herufi Moja ya Mahafali

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye duka la vifaa vya shule pale Igogo, nikisubiri fotokopi. Mbele yangu mama mmoja aliyetoka Magu alikuwa akitafuta bahasha ya kuenea kadi aliyomtengenezea binti yake, aliyekuwa akihitimu ualimu siku hiyohiyo. Kadi ilikuwa ya manila, imezungushiwa shanga na utepe wa kijani, na maneno ya juu ameyapanga kwa punje za mchele, moja moja, kwa gundi: HONGERA KWA MAHAFARI.

Nikainama, nikagonga kidole kwenye R. “Hapo umekosea. Ni mahafali, kwa L.”

Dada wa duka akanitazama. “Mbona ilikuwa inasomeka tu, kaka?”

“Hapana, anasema kweli,” mama akajibu. “Mwanangu ni mwalimu. Watamcheka.”

Akaanza kuibandua ile R kwa ukucha. Gundi ilikuwa imeshika. Punje zikatoka na karatasi, pakabaki tundu. Akaliziba kwa kiganja, kisha akanifungulia kadi. “Na huku ndani, nimekosea?”

Ndani alikuwa ameandika kwa kalamu: Mwanangu, umenifuta machozi.

“Huku hujakosea,” nikasema.

Akashukuru, akatoka na kadi yake yenye tundu. Miaka yote najigamba kwamba nailinda lugha yetu. Mama yule ni rika la mama yangu mzazi, na neno la kwanza nililomwambia halikuwa shikamoo.