Nilivyomfokea Bosi wa Ruangwa

Jamani, nichekeni, lakini kwa huruma. Nimesomea ushauri wa afya ya akili, na majuzi niliomba kazi kwenye kituo kimoja cha afya Ruangwa. Tangu hapo kaka yangu Bakari akawa ananipigia simu kwa namba za rafiki zake, anabana sauti na kujifanya bosi. Kila mara nilishangilia mpaka majirani zetu hapa Nachingwea wakatoka nje.

Juzi napepeta mchele, simu ikaita. Namba ngeni tena.

"Habari, Zuhura? Napiga kutoka Ruangwa kuhusu maombi yako ya kazi."

"Wee Bakari, koma!" nikafoka. "Bosi gani ana sauti ya mbuzi mwenye mafua? Rudi nyumbani utanitambua!"

"Dada, naona una hasira," sauti ikajibu taratibu.

"Hasira ninazo, na mwiko ninao!"

Mara Bakari akaingia uani, kabeba ndoo ya maji kwa mikono miwili. "Zuhura, unagombana na nani?"

Kwenye simu, yule baba akakohoa kidogo.

"Basi tuanze usaili, dada. Mteja akija kwako amefura hivi, utamtulizaje?"