Lifti ya Sahani Nyumbani kwa Yaya Feza

Barua ilinikuta Lubumbashi mwaka 1998. Dada yangu mkubwa, Yaya Feza, ana nyumba ya wageni Nchelenge, kando ya ziwa: jiko liko chini, wageni wanakula ghorofani, mbali na inzi wa samaki. Goti lake lilikuwa limekataa ngazi. Asipopata kitu cha kumpandishia chakula, aliandika, ataacha kupika, na kupika ndiyo kazi pekee anayoipenda. Mimi ni fundi wa lifti, tena mtu asiyejua kutulia. Kesho yake nilikuwa njiani.

Kasenga lori lilichelewa, nikazunguka soko mpaka dereva akaniuliza nimepoteza nini. Nilikuwa nawaza lifti ya hoteli ya zamani nilikojifunza kazi: kisanduku kinachopanda kwa kamba ndani ya ukuta, kutoka jikoni hadi chumba cha kulia. Kilibeba sahani, mashuka, hata mkaa. Wazungu waliijenga, mwalimu wangu alisema, ili mlaji asimwone mpishi. Baba yetu alipika pale miaka mingi, na hakuna mlaji aliyemjua sura.

Asubuhi nikavuka mto Luapula kwa mtumbwi, na saa kumi alasiri basi likanishusha Nchelenge. Yaya alikuwa kwenye ngazi na sufuria mikononi, anauma mdomo kwa maumivu.

"Bon, umefika," akasema. "Kamata hii sufuria, salamu itakuya nyuma."

Siku tatu nilitoboa sakafu ya juu, nikafunga puli na kamba ya nyavu. Uzito wa kusawazisha sikuweka; nilikuwa na haraka, hata ziwa lilinichosha kwa utulivu wake. Siku ya nne Ba Mwape, mvuvi wa zamani anayehudumia meza, akasimama juu na kuvuta kamba. Alivuta kama anavuta wavu, na sufuria ilipochomoza akaachia kamba, akainyooshea mikono yote miwili. Mtumbwini wavu ulioingia haurudi majini. Kisanduku kilirudi chini kwa kishindo, mchuzi ukamwagika karibu na miguu ya Yaya.

"Mukwai, ni kosa yangu," Ba Mwape akasema kwa heshima ya Kibemba.

Kosa lilikuwa langu, na niliona aibu. Nilijaza mawe kwenye gunia, nikalifunga upande wa pili wa kamba, nikapunguza na kuongeza mpaka kisanduku kikasimama popote unapokiacha.

Jumapili chakula kilipanda bila taabu. Yaya alibaki jikoni kwenye kigoda, akisikiliza vicheko vya juu. Nilishuka nikitegemea shukrani.

"Batu banakula muzuri?" Yaya akauliza.

"Bote banamaliza."

"Banasema nini?"

Sikujua.

"Baba alikuwa anaikala hivi," akasema. "Donc na miye niikale hivyo?"

Roho iliniuma. Jumatatu mimi na Ba Mwape tulipandisha babula zote mbili, majiko yake ya mkaa, kwenye baraza ya juu, kando ya meza. Sasa Yaya anapanda mara moja kwa siku, polepole, mikono mitupu. Lifti inampelekea maji, mkaa na samaki wabichi. Mchana wa Jumatatu hiyohiyo mchuuzi kutoka Mununga alisukuma sahani yake pembeni.

"Kichwa ya samaki unaachia nani?" Yaya akamuuliza. Yule bwana akaivuta sahani, akala, huku wenzake wakicheka na Yaya akicheka kuliko wote.

Jumatano nilirudi Lubumbashi na somo ambalo mwalimu wangu hakunipa: kabla ya kufunga puli, muulize mpishi anataka kukaa wapi.