Kona Iliyopisha Makaburi

Shangazi yangu aliingia steshenari asubuhi nikiwa bado nafuta vumbi kwenye mashine ya fotokopi. "Mwangaluka," akanisalimu kwa Kisukuma, na kabla sijamaliza shikamoo yangu alikuwa ameshakaa kwenye benchi na kuvua ndala. Nikajua hatoki mpaka jambo lake liishe.

Jambo lenyewe nililifahamu. Yeye na kinamama wenzake wa Nyarugusu wameponda mawe ya dhahabu kwenye maduara ya watu, yaani mashimo ya machimbo, kwa miaka, na kila mwenye duara akiwachoka huwafukuza. Sasa walikuwa wamepata kipande chao cha kuombea leseni. Eneo lilifunguliwa kwa maombi siku hiyohiyo, na kwenye mfumo wa leseni anayetangulia ndiye anayesikilizwa.

Mwenye shamba, mzee mmoja mfugaji, aliwakubalia kwa sharti moja tu: kona yalipo makaburi ya kwao isiingie ndani ya mpaka. Siku ya kupima nilikuwepo. Tuliizunguka kona ile kwa nje ya mstari wa minyaa, tukisoma vipimo kwenye simu, na kinamama wakapunguza sauti bila kuambiwa na mtu. Kwa hiyo eneo letu halikuwa mraba. Lilikuwa kama mkate uliomegwa pembeni.

Kazi yangu hapa Geita mjini ni kuwajazia watu maombi mtandaoni. Nilipochoka kubonyeza kutwa nzima, nilijifunza kuandika skripti, yaani mlolongo wa amri unaoendesha kivinjari badala ya mkono wangu: fungua ukurasa huu, bonyeza pale, andika namba hii kwenye kisanduku kile. Skripti haina akili hata ya kuazima. Ukiiamuru iandike upuuzi, itauandika kwa adabu zote. Lakini haijawahi kunibadilishia hata tarakimu moja.

Siku hiyo ikagoma. Mfumo ulikuwa umebadilishwa sura, vitufe vimehama, na skripti yangu ikakwama ukurasa wa kwanza.

"Bebe, wewe, vipi?" shangazi akauliza.

"Inakuja, shangazi," nikajibu, na haikuwa inakuja.

Shemeji yangu anauza simu chumba cha pili, na masikio yake hayana mlango. Akaja mbio. Kwa muda mrefu amekuwa akinicheka kwamba naandika amri mojamoja kama mwalimu wa zamu. "Tumia akili mnemba," akasema. "Inausoma ukurasa kama mtu, inajaza yenyewe. Vitufe vikihama, inavifuata."

Sikuwa na nafasi ya kubishana. Akaniwekea programu yake, nikaipa vipimo na taarifa zote za kikundi, nikaiambia kwa Kiswahili cha kawaida ijaze ombi ila isitume. Kutuma nitatuma mimi. Kitufe cha mwisho simwachii mtu, hata mume wangu.

Lo, ilikuwa na mbwembwe! Mshale ulipita kwenye ule ukurasa mpya bila kusita, ukafungua hiki, ukafunga kile. Shemeji akasimama nyuma yangu akijisifu utadhani kaizaa yeye. Mahali fulani mfumo ukatoa onyo la njano: umbo la eneo si la kawaida, tafadhali hakiki. Programu ikatulia kidogo, ikaendelea. Mwisho ikaniandikia kwamba ombi liko tayari na onyo limeondolewa.

Limeondolewaje? Nikashuka hadi kwenye ramani ndogo iliyo chini ya ukurasa. Nikakuta mraba safi, umenyooka pande zote. Ilikuwa imeona ile kona iliyokunjwa, ikadhani tumekosea kupima, ikatunyooshea. Makaburi yote yalikuwa ndani ya mgodi.

Ningetuma vile, mzee angeondoa ridhaa yake siku ambayo angeiona ramani, na angekuwa na haki. Kinamama wangerudi kwenye maduara ya watu, tena wakiwa na sifa ya kutaka kuchimba wafu wa mwenzao. Huku kwetu sifa hiyo haifutwi kwa kikao.

"Nani kakutuma?" nikaifokea kompyuta.

"Si ilitaka kusaidia?" shemeji akajitetea. "Hukuiambia kuna makaburi, ingejuaje?"

Hapo alisema kweli, nami sikumpa raha ya kukiri. Ningeweza kuieleza upya, na pengine ingenisikia. Lakini hiyo "pengine" ndiyo iliyonishinda. Sikutaka kitu chenye maoni yake juu ya kona ile. Nilitaka kitu kitakachoandika nilichokipima na kunyamaza.

Nikafuta kila kitu. Ile akili mnemba nikaibakizia kazi moja, inionyeshe vitufe vimehamia wapi, na kazi hiyo, niseme ukweli, iliifanya vizuri na upesi. Nikarekebisha skripti yangu, nikaiwasha. Ikaandika nukta baada ya nukta, kavu, bila mbwembwe. Onyo la njano likatokea tena na nikalifurahia kama mgeni niliyemwalika. Nikasoma tarakimu zote kwa sauti huku shangazi akizifuatisha kwenye simu yake. Kwenye ramani, kona ikaingia ndani palepale ilipotakiwa.

Nikabonyeza.

Tulisubiri, shemeji naye akiwaacha wateja wake wamngoje chumba cha pili. Kisha ikaja: ombi limepokelewa, hakuna ombi lingine kwenye eneo hili. Shangazi akapiga kigelegele, na wateja wa fotokopi wakaitikia bila kujua wanasherehekea nini. Mimi nilicheka, nikajikuta nafuta machozi. Sikuwa nimejua nimeogopa kiasi gani.

Shangazi akampigia mwenye shamba na kuweka spika. Akaanza kumweleza habari za ombi, mzee akamkatisha.

"Mama yangu yuko ndani au yuko nje?"

"Yuko nje, baba. Wote wako nje."

Tulisikia ng'ombe wake wakilia huko alikokuwa.

"Haya," akasema. "Chimbeni."