Saruji Niliyoiweka Kwenye Ukumbi wa Jiji

Watu wa kwetu walisema jengo la Wazungu nitalishika labda kwa ufagio. Mjomba, aliyenifundisha kuchonga mawe na kujenga huko Subukia, alisema mbele ya watu, "Hata ukuta wa boma umekushinda kunyoosha. Ulaya utarekebisha nini?" Hata hivyo aliuza mtamba wake anikopeshe nauli, na akina mama wa kanisa wakaongeza. Leo nina diploma ya kukarabati mawe ya kale. Kutoka Naivasha hadi Rongai sijakutana na mwingine aliye nayo.

Nilisomea katika jiji dogo la Ubelgiji. Mazoezi yetu yalikuwa kwenye ukumbi wa jiji, uliojengwa karne nyingi zilizopita na wafanyabiashara wa vitambaa waliotaka askofu aone kwamba nao wana nguvu. Ndiyo maana mnara wake unaupita ule wa kanisa. Juu ya kila dirisha kuna uso wa jiwe: mwokaji, mfumaji, hata mlevi. Vita viliwahi kuunguza paa, wenyeji wakalirudisha jinsi lilivyokuwa.

Mimi na mwanafunzi mmoja kutoka Moroko tulipewa ukuta wa kaskazini. Msimamizi alisema tutumie chokaa peke yake. Lakini mimi nilikuwa nimejenga Nakuru, na kwetu fundi anayebana saruji huitwa mwizi. Mwenzangu alipoenda kula, nikaichanganya. Viungo vya mawe vikawa vigumu kama chuma, nikajiona nimewafunza kazi.

Baridi ilipofika, maji yaliyokosa pa kutokea kwa sababu ya saruji yaliganda ndani ya jiwe na kulipasua. Uso wa mfumaji ukaanguka uwanjani. Haukumpata mtu.

"Nani alitia saruji?" msimamizi aliuliza, akimtazama yule wa Moroko.

Ningekiri ningefukuzwa, na walionikopesha Subukia wasilipwe kitu. Nilimwacha mwenzangu atazamwe muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kisha nikasema ni mimi.

Hawakunifukuza. Nilirudia mwaka bila posho, nikikwangua saruji yangu kwa patasi. Uso mpya wa mfumaji niliuchonga mimi, na ni mzuri kuliko wa jirani zake.

Niliporudi nyumbani nilijenga miaka miwili, kisha nikawalipa wote walionikopesha siku moja, uani kwa mjomba. Mama mmoja wa kanisa alikuwa ameshazikwa. Binti yake alipokea bila kunisalimu.

"Ule mwaka mmoja uliozidi ulienda wapi?" mjomba aliuliza.

Nikawaeleza, saruji na yote. Mjomba alitazama mikono yake.

"Kuchanganya hivyo ni mimi nilikufunza," alisema, akaenda kumfunga mtamba niliyemletea.