Bwana Mifugo Aliporudi Nyumbani

Mume wangu alikuwa bwana mifugo wa serikali, na kwa miaka mingi ya ndoa yetu nilimjua kama mgeni wa heshima. Alikuja Jumamosi jioni na baiskeli yake imejaa vumbi, nikampikia kuku, akawauliza watoto habari za shule. Jumatatu alfajiri alikuwa ameshaondoka kuelekea Ulemo na mbele zaidi, kuchanja ng'ombe wa watu. Sikulalamika. Wenzangu walikuwa na waume wa kuwaona kila siku, na si wote waliofurahia.

Miaka michache baada ya uhuru, fahali mmoja alimbana kwenye uzio wa josho, pale ng'ombe wanapopita mmoja mmoja kuogeshwa dawa ya kupe. Nyonga ikavunjika. Alilazwa muda mrefu, na mfupa ulipounga, mguu wa kulia ukawa mfupi kuliko mwenzake, goti halikunjiki. Daktari akasema baiskeli basi, na kazi ya kukimbizana na ng'ombe basi.

Ofisa alitumwa kutoka wilayani kuja kumuaga. Alikaa kwenye kigoda chetu, akanywa uji, akasema, "Mzee, serikali inakushukuru kwa utumishi wako. Sasa pumzika."

Mume wangu hakuwa hata na mvi. Aliitikia kwa adabu, akamsindikiza mgeni kwa macho mpaka alipopotea nyuma ya mawe, kisha akanigeukia.

"Mama watoto, hivi mimi nimezeeka lini?"

Sikujua nicheke au nilie. Nikaenda kuosha kikombe.

Miezi ya kwanza ilinishinda. Alikaa mlangoni pa tembe letu, mguu ameunyoosha, akitoa amri. Kuni zimepangwa vibaya. Yule mbuzi anakohoa, atengwe. Kwa nini mnakwenda kuchota maji jua likishakuwa kali? Siku moja nilikuwa nakoroga mlenda, akasema nimeuchemsha mno. Mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kuinjika chungu! Niliuweka mwiko chini.

"Baba watoto, hapa si joshoni. Na mimi si ng'ombe wa kupangwa foleni."

Watoto walitoka nje bila kuambiwa. Nilingoja afoke, maana alijua kufoka. Badala yake aliniangalia, akauliza taratibu:

"Sasa niende wapi?"

Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua. Nikavuta ungo wa karanga, nikauweka kati yetu, nikaanza kumenya. Baada ya kitambo naye akaanza. Alimenya vibaya, anazivunja zote.

"Mguu hauniumi sana," alisema. "Kinachoniuma ni asubuhi. Asubuhi kila mtu ana pa kwenda."

Tuliongea mpaka ungo ukajaa maganda. Sikumbuki kama tuliwahi kuongea hivyo kabla ya siku ile.

Kuku ndio waliotuokoa, ingawa katika kazi yake yote aliwadharau. Kwake kuku hakuwa mfugo, alikuwa kitoweo. Kuku walikuwa mali yetu wanawake, na bwana mifugo aliongea na wanaume wenye ng'ombe. Basi mwaka ule ugonjwa wa kideri ulipiga, kuku wakawa wanakufa ovyo. Nikamwona ameinuka na mkongojo wake, anaangalia macho ya jogoo wangu, ananuna. Aliwatenga wazima na wagonjwa, akachoma mizoga, akaanza kujenga banda la fito lililoinuliwa juu ya ardhi, kazi yote ameketi. Wengi walikufa. Wachache walipona, na jirani mmoja akaja na tetea wake kwapani.

"Shikamoo Bwana Kuku," alisalimia, huku anajizuia kucheka.

"Marahaba," alijibu kwa kununa. "Mlete nimwone."

Tangu hapo mlangoni petu hapakukosa mwanamke na kuku. Jina lile alilikataa mbele yangu, ila mtu akiliita njiani aligeuka upesi.

Ilipofika zamu yetu ya kuhamia kijiji cha ujamaa, tulikwenda kwa mkokoteni wa ng'ombe, yeye ameketi juu pamoja na matenga ya kuku. Kijiji kipya kilikuwa viwanja vimepigwa vigingi tu, na upepo. Mkokoteni ulikwama mbali na kiwanja chetu kwa sababu ya mawe. Wanaume walikuwa wameketi pale wakitazama wanaoingia, na baadhi yao mume wangu aliwahi kuwachanjia ng'ombe. Mume wangu hakuwa amekubali kushikwa na mtu hadharani hata siku moja. Alishuka, na mkongojo ukateleza mara mbili kwenye mawe. Akasimama.

"Mama watoto," aliita, kwa sauti ya wote kusikia. "Njoo."

Niliweka chini tenga, nikamwendea. Aliweka mkono begani kwangu, mzito, na tukaanza kupanda mwinuko wa kwenda kiwanjani.

"Pita kushoto," alinielekeza.

Nikapita kulia, palipokuwa na mchanga. Alinifuata. Wale wanaume walitusalimia, naye akawaitikia mmoja mmoja, akiwauliza hali ya ng'ombe wao, bila kuondoa mkono.