Mwenye Ufunguo Alienda Kula

Nyinyi mliokulia mjini kati kama mimi mtakuwa mashahidi wangu: enzi zetu mchezo haukuuzwa dukani. Mchezo uliokotwa. Ukitaka gari, uliokota mkebe. Ukitaka mpira, uliomba karatasi za nailoni na kamba. Na ukitaka kuwa mtu mwingine, ulisema tu "sasa mimi ni fulani," wenzako wakakubali, mambo yakaisha. Hakuna aliyedai risiti.

Nasema haya kwa sababu juzi nimezungushwa Nairobi nzima na binti yangu Zuhura, msichana wa chuo, akitafuta duka la kununua mchezo wa kujifanya mtu mwingine. Na niliyoyakuta huko, mshtuko wake haujanitoka hadi leo.

Nianzie nyuma kidogo. Sisi ni watu wa Mombasa, lakini baba alikuwa na duka la leso hapa hapa Nairobi, Biashara Street. Nyuma ya duka palikuwa na stoo iliyojaa marobota ya kitambaa hadi darini. Ile harufu ya leso mpya, kali, ya wanga na rangi, nikiinusa hata sasa nasimama. Likizo ikifika, stoo ilikuwa yetu watatu: mimi, mdogo wangu Athumani, na Mutua, mtoto wa karani wa serikali kutoka Kitui aliyeishi ghorofa ya juu. Mama yake Mutua alitushushia sufuria ya muthokoi, mahindi yao ya kukoboa na maharagwe, mama yangu akapandisha sahani ya mahamri, na sisi tukala vyote.

Mchezo wetu uliitwa Mji wa Marobota. Mutua alipanda robota la juu kabisa, akafumba macho, akaanza: "Mmefika kwenye lango. Kuna askari amelala. Mnafanya nini?" Ukishasema unalofanya, unarusha vifuniko vitatu vya soda. Viwili vikilala chali, umefaulu. La sivyo, Mutua hakuwa na huruma: umevunjika mguu, umegeuzwa mbuzi, umeozwa kwa askari. Mimi nilikuwa Mwizi wa Funguo. Athumani, mwembamba yule, aliyeogopa hata paka wa jirani, alichagua kuwa Daktari wa Simba. Tulimcheka mpaka tukakosa pumzi. Yeye hakutetereka. "Simba nao huumwa meno," alisema.

Baba alikuwa akichungulia mara kwa mara. "Punguzeni kelele, wateja watadhani nauza watoto." Na saa ya chakula mama alisimama mlangoni, leso kiunoni, asijali kama uko vitani au uko tumboni mwa joka. "Chakula! Nikiita mara ya pili, nitaita kwa mwiko."

Siku moja Athumani aliteremka kwenye chumba cha chini ya mji ili amtibu simba. Vifuniko vikamkataa, mlango ukajifunga nyuma yake. Mimi nilikuwa nje, na ufunguo ninao. Nikainua mkono nirushe. Mama akaita. Siku hiyo palikuwa na wali wa nazi na maharagwe. "Tutaendelea kesho," Mutua alisema, tukakimbia.

Kesho yake asubuhi tulikuta lori mbele ya duka. Baba yake Mutua alikuwa amepata uhamisho, na vitanda vilikuwa vishapakiwa. Siku zile mtu akihama amehama. Hapakuwa na simu ya mkononi wala mtandao wa kumfuatia. Tulipungiana mikono, yeye ameketi juu ya godoro, na lori likaondoka.

Nilijitolea kuendeleza mchezo mimi. Athumani akakataa katakata. Bila Mutua kusimulia, alisema, mlango haufunguki. Basi ikawa utani wa nyumbani kwetu. Akitumwa sukari: "Siwezi, nimefungiwa na simba." Siku ya harusi yangu alininong'oneza, "Ndiyo unaolewa na ufunguo wangu mfukoni?" Na alipolazwa kule Upper Hill, bado kijana, amebaki macho na meno tu, alinitazama akacheka. "Mwanaisha," akasema, "hujanifungulia tu?" Hakutoka hospitalini. Maneno hayo nimekaa nayo peke yangu miaka yote. Zuhura anamjua mjomba wake kwa picha ya ukutani.

Sasa turudi kwa hawa vijana wetu, ambao hata kuamka hawawezi mpaka simu iwaamshe.

"Si game ya simu, Mama," Zuhura aliniambia. "Ni ya mezani. Mnakaa watu kama watano, mmoja anaongoza story, wengine ni characters. Kitabu yake ni kubwa hivi."

Akanionyesha unene kwa mikono miwili. Nilipigwa na butwaa. Yaani kuna kitabu kizima cha kumfundisha mtu kudanganyana na wenzake!

Tuliingia duka la kwanza mjini. "Ludo iko, chess iko, drafti iko," muuzaji alisema. "Hiyo ingine ndiyo gani, mathe?" La pili wakatutolea boksi lililofungwa kwa plastiki, na Zuhura alipoomba kuchungulia ndani akaambiwa akilifungua amelinunua. Mwanangu ana sheria zake: duka la maana hukuacha ufunue kitabu, na lina meza ya kujaribia. La tatu lilikuwa la mzee mmoja wa kwetu Mombasa, mmoja wa wachache waliobaki mjini kati. Alinisikiliza, akaguna. "Mchezo wa kujifanya mtu mwingine? Kwani hapa Nairobi sote twacheza nini, mwanangu?" Tulipopita Biashara Street nilitafuta duka la baba kwa macho. Limekatwa vibanda vidogo vidogo vya vifaa vya simu. Mahali pa stoo pana kioo na taa za rangi. Sikumwonyesha Zuhura, nilikuwa na hasira.

Habari za duka lenyewe tulizipata kwa bahati, Kenyatta Market, Zuhura akisukwa nyuma ya pazia. Msusi alisikia tukilalamika. "Si ni wale wasee wa Kilimani hujiita wachawi?" akasema. "Customer wangu huenda huko kila Jumamosi. Ngoja nimuulize location."

Basi Jumamosi tukapanda ngazi za jengo moja la Kilimani, na hapo nikashtuka sawasawa. Kuta nzima zimejaa vitabu na maboksi, viaskari vya udongo vilivyopakwa rangi kwa mkono, na dadu za pande nyingi kwenye mitungi ya kioo, kama peremende. Zuhura aliparamia rafu akafunua kitabu hiki na kile, na hakuna aliyemkemea. Lakini kilichoniacha mdomo wazi ni meza. Watu wazima! Bwana mwenye ndevu, kitambulisho cha kazi bado shingoni, alikuwa akimbembeleza joka kwa sauti ya upole ambayo nadhani mkewe hajawahi kuisikia. Chakula kiliagizwa kwa simu, kikaletwa kwa pikipiki mpaka mezani, wakatafuna huku wakipigana. Hakuna aliyesimama.

Nilikaa kwenye stuli karibu na meza ya mwisho nimsubiri Zuhura. Meza hiyo iliongozwa na msichana waliyemwita Mwende, ndiye mwenye duka. Hakuwa na dadu. Alitikisa kitu kiganjani, akakirusha mezani. Vilikuwa vifuniko vitatu vya soda. Kisha akafumba macho.

"Mmefika kwenye lango. Kuna askari amelala. Mnafanya nini?"

Niligeuka na stuli yangu nimtazame vizuri.

"Tunampita," mwenye ndevu alisema. "Tunashuka chini, kwa ule mlango wa simba."

"Huo haufunguki," Mwende alimjibu. "Kuna daktari wa simba amefungiwa huko ndani, na ni mtu mmoja tu ako na key."

"Na huyo mtu ako wapi?"

"Alienda lunch."

Meza nzima ikaangua kicheko. Mkoba uliniponyoka, vitu vikatawanyika sakafuni. Zuhura alikuja mbio akidhani ni presha.

"Huu mchezo," nilimwambia Mwende, na sauti yangu sikuitambua, "umefunzwa na nani?"

"Ni wa babangu. Alikuwa anatuchezesha tukiwa wadogo, huko Kitui."

"Mutua."

Alinitazama. "Unamjua, auntie?"

"Mimi ndiye niliyekwenda kula."

Mwende alishika kichwa kwa mikono miwili. "Wewe ndiye Mwanaisha! Wa duka la leso! Aki, baba hataamini. Alikatazanga mtu yeyote kufungua huo mlango. Alisema mwenye key atarudi." Akacheka kwa furaha. "Na Athumani? Baba humtaja kila saa. Ako wapi siku hizi?"

Zuhura alikuwa ananitazama. Nilifungua mdomo niseme lile tunalosema sote, Mungu amrehemu. Ulimi ukakataa.

"Yuko ndani," nikasema.

Mwende aliacha kucheka. Alinikazia macho, kisha akavikusanya vile vifuniko na kuniwekea kiganjani, polepole. "Basi uko mlangoni, auntie. Unafanya nini?"

Niliogopa, sitaficha. Mlango ule ukiwa umefungwa, ndugu yangu ameketi nyuma yake na simba wake, mzima, akinilaumu. Nikiufungua nitamkuta nani? Nilitaka kuvirudisha vifuniko mezani, nichukue mkoba wangu, niende zangu nyumbani. Zuhura akanishika bega. Hakujua analishikia nini, lakini alishika.

"Nafungua."

Nilirusha. Kimoja kikalala chali. Cha pili kikazunguka, kikazunguka, kikalala chali. Cha tatu kilianguka chini ya meza na hakuna aliyekitafuta.

Mwende akafumba macho, vilevile alivyofumba baba yake juu ya robota. "Mlango umefunguka. Simba amelala, jino limepona. Daktari ameinua kichwa, amekuona." "Anakuuliza: mmekula nini?"

Nililia mbele ya watu nisiowajua, mwanamke mzima na buibui langu, na mwenye ndevu akanisogezea karatasi za kujifutia zilizokuja na chipsi.

"Wali wa nazi na maharagwe," nilimjibu ndugu yangu. "Nimekuwekea."

Vijana wa leo nitaendelea kuwacheka, na vitabu vyao vizito na dadu zao zisizohesabika. Lakini jambo moja wametushinda. Wao chakula huwafuata mezani, wakala huku wanacheza, na mchezo hauondoki bila mtu wake. Sisi tulikuwa na stoo nzima, vifuniko vitatu na mama wa kutuita, na alipoita tulikimbilia wali tukiamini kesho ipo.