Filimu Nzima Bandarini

Cheka, nimekuruhusu. Mimi mwenyewe bado sijaweza.

Nimechoka kupiga picha za harusi kwa simu: lundo la picha, na hakuna anayezitazama tena. Basi juzi nikatoa sandukuni kamera yangu ya filimu, ile ya miaka ya vita, treni ilipokuwa haifiki mji wetu wa Kindu na filimu ikawa adimu kuliko chumvi. Tulipiga polepole siku zile, mimi na marehemu mke wangu.

Nikashuka bandarini. Nikamwomba mama muuza samaki atulie, nikangoja jua litoke, nikangoja mtumbwi upite nyuma yake. Furaha ya zamani ikanirudia. Nikahamia kwa wapagazi, nikijiona fundi wa mafundi, mpaka filimu ikaisha.

Yule mama akanisogelea. “Papa, samahani. Ile kifuniko ya mbele, unaitoaka wakati gani?”

Nikakigusa. Kilikuwa kimefunika jicho la kamera tangu asubuhi. Dirisha la kutazamia liko juu yake, kwa hiyo sikuona giza lolote.

Wapagazi wakaangua kicheko. Nikajibu bila kufikiri, nikimtaja mke wangu: “Bibi yangu njo anaitoaka.”

“Basi umuite,” akasema yule mama.